Walipanda Kilima Bila Kusemezana

Mama mmoja wa kwetu anayekaa Paris na mumewe na watoto watatu ametuandikia juu ya jambo ambalo nadhani si lake peke yake. Siku moja walifunga safari kwenda Vézelay, kijiji cha kale juu ya kilima huko Burgundy, zaidi ya kilomita 200 kutoka Paris. Juma lile walikuwa wamegombana, kwa kuwa mume alimtumia ndugu yake pesa za karo bila kumwambia mkewe. Safari ilikusudiwa kuwapatanisha. Garini kila mmoja alizungumza na watoto tu.

Vézelay wageni wengi huacha magari chini, wakapanda kwa miguu njia ya mawe inayopita katikati ya nyumba za zamani mpaka kwenye kanisa. Baba alitangulia na wakubwa wawili. Mama alibaki nyuma na mdogo aliyelia abebwe. Jioni walirudi kimya kama walivyokwenda. Anauliza, je, tulikosea kwenda?

Hamkukosea, mama. Lakini safari haiwezi kusema kwa niaba yenu.

Juu ya kilima kile lipo Basilika la Mtakatifu Maria Magdalena. Ndani yake, juu ya nguzo moja, pamechongwa watu wawili kwenye kinu cha kusagia. Mmoja anamimina nafaka, mwingine amekinga gunia apokee unga. Hufasiriwa kuwa ni Musa na Mtakatifu Paulo. (Watoto huwahi kuwaona, maana wao ndio wenye kutazama juu.) Nyumba yenu nayo ni kinu cha watu wawili. Pesa zilizotumwa kwa siri ni nafaka iliyopelekwa kinu kingine, na hata kama kule zimemfaa mwenye shida, huku aliyekinga gunia anangoja bure. Baba, kumsaidia ndugu yako si dhambi. Kumficha mkeo ndiko kulikoumiza.

Nawe mama, utatazama nini? Mwaka 1146 Mtakatifu Bernardo alihubiri Vézelay kuwahimiza watu waende vita vya msalaba. Miaka 800 baadaye, mwaka 1946, vita kuu ya pili imekwisha juzi tu, waamini wa Ufaransa na nchi jirani walikuja huko kwa miguu wakibeba misalaba 14 mizito ya mbao ili kuombea amani. Wajerumani waliokuwa mateka wa vita karibu na hapo waliomba nao washiriki. Wenyeji wangewakatalia, na nani angewalaumu, baada ya miaka minne ya kutawaliwa na jeshi la Ujerumani? Waliwakubalia. Mateka wakaunda msalaba wa 15 kwa mbao za nyumba zilizobomolewa na mabomu. Kumbuka kwamba wao ndio walioomba kwanza, na wenyeji wakawapa nafasi. Mumeo akianza kusema, hata kwa maneno yasiyopangika, mpe nafasi. Kununa garini saa mbili ni kumfungia mlango.

Basi, kabla ya safari yoyote ya familia, ongeeni usiku uliotangulia, walau dakika kumi. Hamtamaliza yote. Itoshe kila mmoja kutaja kosa lake mwenyewe, si la mwenzake. Habari ya karo iacheni mpaka mtakapokaa na hesabu mezani, wala msiijadili mbele ya watoto.

Njiani, mwendo uwe wa yule mdogo. Wakubwa watangulie hatua chache mkiwaona. Nyuma ya basilika pana uwanja wenye miti unaotazama bonde la mto Cure. Hapo watoto wacheze, ninyi mkae.

Mkiweza, rudini Vézelay. Safari hii mtoto abebwe na baba.