Fundi Mkongwe na Cherehani Mpya

SWALI: Mama wa miaka 64, fundi tangu ujana wake, amenunuliwa cherehani ya umeme, lakini kila akikanyaga pedali mshono unakwenda mbio, ilhali binti anayejifunza kazi kwake aliizoea kwa siku mbili. Je, ubongo wake umeanza kusahau? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kuchelewa huko peke yake si dalili ya maradhi. Mwili unapojizoeza mwendo mpya, ubongo hutumia njia mbili ambazo hazizeeki kwa kasi moja. Ya kwanza ni ya makusudi: mtu hukumbuka maelekezo, hujionya akanyage taratibu na hutafuta jinsi ya kukwepa kosa, na kwa hayo yote hutegemea umakini pamoja na kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshikilia mambo machache akilini wakati kazi ikiendelea. Katika ya pili, serebela, yaani ubongo mdogo ulioko kisogoni, hulinganisha mwendo uliotarajiwa na uliotokea, kisha huusahihisha kidogo kidogo pasipo mwenyewe kujua.

Kwamba mwili waweza kujifunza jambo ambalo akili hailikumbuki kulidhihirishwa na Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, na katika siku 3 makosa yakapungua, ingawa hakukumbuka kuwahi kuifanya.

Umri hudhoofisha zaidi njia ya kwanza, ndiyo maana wazee wengi husuasua mwanzoni. Fundi huyu ana mzigo mwingine: miguu iliyozoea kusukuma pedali nzito ya cherehani ya zamani lazima iachane na nguvu hiyo, wakati binti hana mazoea ya kuyaacha, hivyo kuwashindanisha si haki.

Linalofaa ni kumpunguzia ya kufikiri: ashone mabaki ya vitambaa dakika chache kila siku, apewe elekezo moja tu kwa wakati, na kama mashine ina kitufe cha kasi, kiwekwe chini kabisa. Lakini akianza kukosea hatua alizozifanya maisha yote, kama kutunga uzi au kupima nguo, amwone daktari. Na mkono au mguu mmoja ukilegea ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.