Kumwondolea Paka Mchanga Viroboto bila Kumdhuru



Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu paka hafugwi kwa mapambo. Anafugwa ili panya wasiyamalize mahindi. Ndiyo maana paka wa jirani akizaa, kila nyumba huomba mtoto mmoja. Lakini mara nyingi mgeni huyo mdogo huja na wageni wake, yaani viroboto. Haupiti muda mrefu watoto wanajikuna miguu usiku, na mtu mzima anatafuta dawa ya kumpaka paka. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Sisi tunauguza watu, si mabwana mifugo. Hata hivyo tumeona vema kulieleza jambo hili, kwa sababu sumu anayopakwa paka huingia pia katika mikono ya watoto wanaombeba na kumkumbatia.

KIROBOTO HUISHI NAMNA GANI?

Viroboto tunaowaona wakiruka ni sehemu ndogo tu ya jeshi lao. Jike hunyonya damu na kutaga mayai kama 20 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Huanguka pale paka anapolala na kupita. Baada ya siku chache huanguliwa mabuu madogo, meupe kama vipande vya uzi. Hayo hukimbia mwanga na kujificha katika nyufa za sakafu, chini ya mikeka na vitanda. Kisha kila buu hujifungia ndani ya kifuko. Anaweza kutoka humo baada ya wiki moja au mbili, au akangoja hata miezi kadhaa mpaka ahisi joto na mtikisiko wa anayepita.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kumsafisha paka bila kusafisha mahali anapolala ni kutwanga maji kwenye kinu. Pili, kazi hii haimalizwi kwa siku moja.

KWA NINI PAKA MCHANGA NDIYE HUUMIA ZAIDI?

Paka wa wiki 5 au 6 ana uzito wa kama nusu kilo. Damu yake yote ni kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Viroboto wengi wakimnyonya usiku na mchana, damu hupungua upesi kuliko mwili unavyoweza kuitengeneza.

Mfunue mdomo umtazame fizi. Paka mzima ana fizi za rangi ya waridi. Zikiwa zimepauka au nyeupe, naye amelegea, hanyonyi wala kula, na mwili ni wa baridi, hilo si jambo la kungoja kesho. Mpelekeni kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Kama huna hakika kuwa ni viroboto, tafuta chembe nyeusi katika manyoya, mfano wa pilipili manga iliyosagwa. Ziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Zikitoa rangi nyekundu ya kahawia, ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu ya paka wako.

VITU VISIVYOFAA KABISA

1. Mafuta ya taa, petroli na dizeli. Huunguza ngozi. Tena paka hujilamba, mafuta yakaingia tumboni na mapafuni. Ni mafuta yale yale yanayotuletea hospitalini watoto wanaohema kwa shida, kwa sababu yaliwekwa katika chupa ya soda.

2. Dawa ya josho la ng'ombe na dawa ya kunyunyizia mimea. Zimetengenezwa kwa ng'ombe wa kilo mamia au kwa shamba, si kwa mnyama wa nusu kilo. Vivyo hivyo sindano za minyoo za ng'ombe.

3. Dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, ambayo ni jamaa wa sumu ya wadudu inayopatikana katika maua ya pareto. Mbwa huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuiondoa mwilini upesi. Paka huanza kutokwa mate, kutetemeka, kisha degedege, na anaweza kufa. Kusema "nitampaka kidogo tu" si kinga.

4. Dawa za kuulia vijidudu, hasa zile zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Zinafaa kwa choo na sakafu, lakini kwa paka ni sumu.

NJIA ILIYO SALAMA

Hatua ya kwanza: chanuo. Tafuta chanuo lenye meno yaliyobanana, kama lile la chawa. Weka karibu bakuli la maji yenye sabuni. Chana polepole shingoni, nyuma ya masikio, tumboni na penye shina la mkia. Kila mara chovya chanuo katika maji hayo. Viroboto watazama na kufa. Fanya hivi asubuhi na jioni. Paka ambaye hajatimiza wiki 4 asiogeshwe. Hana nguvu ya kutunza joto la mwili, na baridi inaweza kumwua kabla ya viroboto. Kwake chanuo linatosha.

Hatua ya pili: kuoga. Aliyepita wiki 4, na ambaye hajalegea, anaweza kuogeshwa mchana wakati wa jua. Maji yawe vuguvugu. Yajaribu kwa kiwiko, kama akina mama wanavyofanya kwa mtoto mchanga. Tumia sabuni laini ya kuogea mtoto au matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga ni kali, isitumike. Anza kwa kumzungushia povu shingoni, maana viroboto wakiona maji hukimbilia kichwani. Kisha paka povu mwili mzima, ngoja dakika 3 hadi 5, umsuuze vizuri. Kichwa kisizamishwe, uso upanguswe kwa kitambaa. Mkaushe mara moja, umshike mpaka apate joto. Usimweke na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya mkaa huua paka na watu pia. Kuoga mara moja kwa wiki kunatosha. Siku nyingine ni chanuo.

Hatua ya tatu: mama yake. Kama bado ananyonya, mama na ndugu zake wachanwe pia. Mbwa, hata mbuzi wanaolala karibu, wanaweza kubeba viroboto wale wale.

Hatua ya nne: dawa. Zipo dawa nzuri za viroboto kwa paka, lakini nyingi za kudondoshea shingoni hazitumiki kwa paka aliye chini ya wiki 8. Soma karatasi yake mambo matatu: iandikwe ni ya paka, itaje umri, itaje uzito. Mweke paka kwenye mizani, usikisie. Kama karatasi haipo au hujaielewa, usitumie. Mwulize bwana mifugo.

NYUMBA NAYO ITIBIWE

Matambara anayolalia paka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani. Fagia kila siku chini ya vitanda na pembeni, na takataka zichomwe mbali na nyumba. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na nyufa zizibwe kwa udongo. Endelea hivyo kwa miezi 2 au 3 hata kama huoni kiroboto, ukikumbuka wale walio ndani ya vifuko.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Kuumwa na kiroboto kwa kawaida huleta mwasho tu. Watoto wakatwe kucha, maana vidonda vya kujikuna huoza. Lakini yako mambo mawili ya kuangalia zaidi.

La kwanza ni tegu. Mtoto anayembusu paka anaweza kumeza kiroboto mwenye vijidudu vya tegu. Ukiona vipande kama punje za mchele katika choo cha mtoto, mlete hospitali. Ugonjwa huu hutibika.

La pili ni tauni, ambayo huletwa hasa na viroboto wa panya. Wilayani Lushoto ilizuka mwaka 1980 na ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Mkiona panya wanakufa ovyo, msiwashike kwa mikono, paka asiwale, nanyi mtoe taarifa zahanati upesi. Mtu mwenye homa kali na uvimbe unaouma kinenani au kwapani asingoje. Tauni inatibika ikiwahiwa.

KAMA PAKA AMEKWISHA KUPAKWA SUMU

Vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto. Usimlazimishe kutapika wala kumnywesha maziwa au mafuta. Mpeleke kwa bwana mifugo pamoja na chupa ya dawa. Na kama ni mtoto aliyeonja dawa au mafuta ya taa, naye msimtapishe. Mleteni hospitali mara moja, na chupa mje nayo.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Kwa nini haitoshi kumsafisha paka peke yake?
2. Paka wa wiki 3 aondolewe viroboto kwa njia gani?
3. Taja dalili mbili za kupungukiwa damu.
4. Katika nyumba yako mafuta ya taa na dawa za shamba zinawekwa wapi? Je, mtoto anazifikia?

Swali la nne lisijibiwe kwa mdomo tu. Simama sasa, ukatazame.