HESHIMA YA MZEE SI KUMKALISHA TU



Hapa kwetu Dutwa mtu akizeeka, watoto humwambia: "Baba, umelima vya kutosha. Sasa pumzika." Ni maneno mazuri. Lakini leo tujifunze jinsi kupumzika kukizidi kunavyoweza kumdhuru mzee.

Tunamjua babu mmoja. Alilima pamba na mtama zaidi ya miaka 40. Alipofika miaka 68, wanawe walimkataza kazi zote. Kutwa nzima alikaa kwenye kigoda chini ya mti. Chakula aliletewa hapo hapo: asubuhi michembe, jioni ugali na mlenda. Mwaka haukuisha, akawa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Hata kwenda chooni alimngoja mjukuu. Siku mjukuu yuko shuleni, babu alipata aibu.

Wanawe walisema, "Ni uzee tu." Je, ni kweli?

KWA NINI MIGUU HUISHIWA NGUVU

Misuli ya mwili ni kama jembe. Jembe lisilotumika huota kutu. Mtu akizeeka misuli hupungua, na asipotembea hupungua upesi zaidi. Tena misuli hujengwa kwa chakula. Ugali na michembe vinatia nguvu, lakini havitoshi kuujenga mwili.

Basi uzee ulimpunguzia babu nguvu. Kukaa bure na chakula cha namna moja vikammalizia.

CHAKULA CHA MZEE

Wazee wengi wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai, mwaka 1975, tuliposoma kwa vikundi na redio. Somo lile halijachacha.

- Kila siku mzee apate cha kujenga mwili: dengu, choroko, maharage, karanga, dagaa, yai au maziwa ya mgando. Dagaa na maziwa huimarisha pia mifupa.
- Apate mboga za majani, na matunda kama papai au embe.
- Kama hana meno, dengu zipondwe na karanga zitwangwe. Asiachiwe mchuzi mtupu.
- Anywe maji hata kama hana kiu. Mzee huchelewa kusikia kiu.
- Chumvi iwe kidogo, kwa sababu huongeza presha.

MAZOEZI

1. Kutembea. Wataalamu wa afya duniani wanashauri dakika 150 kwa wiki. Yaani dakika 30, siku 5. Asiyeweza aanze na dakika 5.
2. Kuketi na kuinuka. Akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Ainuke, aketi polepole, mara 5. Akizoea, mara 10.
3. Kusimama kwa vidole vya miguu huku ameshika ukuta. Zoezi hili humsaidia asianguke.

Mazoezi ya 2 na ya 3 yafanywe siku 3 kwa wiki. Kazi ndogo kama kupalilia bustani ya mchicha nazo ni mazoezi.

Angalieni! Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aulize kwanza zahanati. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja na apelekwe kwa mganga.

BABU YUKO WAPI SASA?

Wanawe walikubali kujaribu. Mwanzo babu alinung'unika: "Mnanirudisha jeshini?" Lakini kila jioni alizunguka mji na mjukuu, na mkamwana alimwekea dengu au dagaa. Baada ya miezi kadhaa aliinuka mwenyewe. Leo anatembea na fimbo yake, na chooni anakwenda bila kumngoja mtu.

Hakurudi ujana. Amerudishiwa heshima yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mzee wa nyumbani kwako jana alikula nini?
2. Anaweza kuinuka mwenyewe? Tangu lini hawezi?
3. Ni kazi gani ndogo anaipenda, nanyi mmemnyang'anya?

Msomeeni mzee somo hili leo jioni. Kisha mwinukeni, mtembee naye.