Baada ya dhiki faraja, lakini haiji yenyewe

Mwezi mmoja baada ya kibanda chake cha mitumba kuteketea Gikomba, mama mmoja alifika kliniki kwangu akilalamika kuumwa na kichwa na tumbo. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za maumivu na za vidonda vya tumbo bila nafuu. Nilimpima. Shinikizo la damu lilikuwa sawa na malaria hakuwa nayo. Nilipomwuliza kama hupata usingizi, machozi yalimtoka. "Daktari, kila mtu ananiambia nijikaze," akasema. "Nimechoka kujikaza."

Msomaji, huenda nawe umewahi kuambiwa hivyo, au umemwambia jirani yako. Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki faraja. Ni kweli, lakini wengi wetu hudhani faraja hiyo huja yenyewe, na asiyeiona upesi hujilaumu kwamba ni dhaifu.

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha kipimo cha mabadiliko mema ambayo baadhi ya watu huyaona maishani mwao baada ya msiba mkubwa. Waliyagawa mara tano: kuuthamini uhai, kuwa karibu zaidi na watu, kutambua nguvu zao, kuona njia mpya, na kukua kiimani. Wataalamu hao walionya kwamba ukuaji huo hautokani na msiba wenyewe, bali na jitihada za mtu kuyapanga upya maisha yake. Tena, uchungu na ukuaji vyaweza kukaa katika moyo mmoja.

Mfano tunao hapa kwetu. Bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 liliua zaidi ya watu 200, na vioo vikawapofusha wengine wengi. Bw Douglas Sidialo alipoteza macho yote mawili siku hiyo. Mwaka 2005 alipanda Mlima Kilimanjaro. Ukihesabu, hiyo ni miaka saba. Mbona basi tumdai aliyefiwa juzi atabasamu leo?

Ufanye nini?

Kwanza, mtafute mtu mmoja unayemwamini umweleze yaliyokupata, kwa wakati unaoutaka wewe. Kumlazimisha mtu asimulie yote siku zile zile za mkasa hakumsaidii. Nawe unayesikiliza, usikimbilie kutoa mawaidha. Keti naye tu.

Pili, ulinde mwili. Kula hata kama hamu ni ndogo, tembea kila siku, na ulale na kuamka kwa saa zile zile. Pombe huleta usingizi wa kukatika-katika na kuzidisha huzuni.

Tatu, chagua kazi moja ndogo unayoweza kuimaliza leo. Aliyepoteza mengi huhitaji kuona kwamba mikono yake bado inaweza kitu.

Nne, ukipata nguvu, msaidie mwingine. Wengi hugundua thamani yao upya wanapombebea mwenzao mzigo.

Wakati wa kumwona daktari

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi una huzuni karibu kila siku, huna hamu ya mambo uliyoyapenda, hulali au kazi imekushinda, huo waweza kuwa ugonjwa wa sonona. Una tiba, ama kwa ushauri nasaha, ama kwa dawa, ama kwa vyote viwili. Ukiwaza kujiua, usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali siku hiyo hiyo, na asikuache peke yako.

Yule mama nilimpeleka kwa mshauri nasaha. Baada ya majuma kadhaa alipata ujasiri wa kuwaeleza wenzake wa chama kuhusu deni alilokuwa akilificha. Walimkopesha pesa za kununua robota moja la nguo. Maumivu ya kichwa yamepungua. Angali hulia akipita pale palipoungua, na nimemwambia hilo si kosa. Majuzi alimleta kliniki jirani yake aliyefiwa na mumewe, akaketi naye kwenye benchi hadi zamu yao ilipofika.