SOMO: KABLA HUJANUNUA RAMU YA KOMPYUTA YAKO



Wengi wenu mnasoma au kufanya biashara ndogo kwa laptopu iliyokwishatumika. Ikifunguliwa kazi mbili kwa pamoja, inakwama. Kuongeza ramu huweza kusaidia. Lakini ukinunua isiyolingana na kompyuta yako, akiba yako itapotea, pamoja na nauli ya kwenda mjini.

RAMU NI NINI?

Ni mahali kompyuta inapoweka kazi inayoendelea kwa wakati huo. Ifananishe na meza ya fundi cherehani: meza ikiwa ndogo, vitambaa havienei. Diski ndiyo kabati la kuhifadhia. Ikiwa shida yako ni nafasi ya kuweka picha na mafaili, ramu haitakusaidia.

FANYA YAFUATAYO

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa betri, kisha fungua kifuniko cha chini. Shika ramu kwenye kingo zake, usiguse meno yake. Baadhi ya laptopu nyembamba zina ramu iliyochomelewa ndani, nayo haibadilishwi kwa mkono.

2. Soma kibandiko cha ramu ya zamani. PC2 ni aina ya DDR2, PC3 ni DDR3, na PC4 ni DDR4. Aina hizi haziingiliani, kwa kuwa pengo lililo katikati ya meno liko mahali tofauti. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.

3. Tazama kama kuna herufi L. PC3 hutumia volti 1.5, na PC3L huweza kutumia volti 1.35. Kompyuta inayodai PC3L usiiwekee PC3 ya kawaida.

4. Angalia urefu. Ramu ya laptopu ni fupi, sentimita 7 hivi. Ile ya kompyuta ya mezani ni sentimita 13 hivi, na haiingii kabisa.

5. Hesabu nafasi za kuwekea ramu, na umuulize fundi kiwango cha juu ambacho kompyuta yako inakubali. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiweka 8.

6. Usilipie kasi kubwa bure. Ramu mbili zenye kasi tofauti zikikaa pamoja, zote hufuata ile ya polepole.

SIKU YA KUNUNUA

Andika kwenye karatasi maneno yote ya kibandiko pamoja na jina na namba ya kompyuta. Ikiwezekana, nenda na kompyuta yenyewe. Mwombe muuzaji aijaribu ramu mbele yako, uone kiasi kimeongezeka, ndipo ulipe. Kama hukwenda wewe, mpe unayemtuma karatasi hiyo pamoja na ramu ya zamani.

Muuzaji akisema "zote ni sawa", rudisha fedha mfukoni. Kuuliza si ujinga.