Biashara ikishakomaa, nani ataifanya upya? (Habari ya Kodak na Fuji)



Mara nyingi tunafundishwa namna ya kuanza biashara: kutafuta feza za kwanza, kuandika hesabu kila siku, kutokula kapitali. Mafundisho hayo ni mazuri, hatuyapingi. Lakini kuna jambo lingine lisilosemwa sana. Biashara ikishaanza, ikishapata wateja, ikishazoea faida, itafanya namna gani isizeeke? Wengi wetu wa klasi ya sita tunasema tukipata diplome tutafungua butike. Bon, tufungue. Lakini tuangalie kando ya barabara. Mtu mmoja anaweka meza ya kuuza yunite za telefone, faida inaonekana, na nyuma ya muda mfupi meza ziko kumi, zote na vitu paka vile vile. Mwaka wa tatu karibu zote zimefungwa. Kuanza wanaanza wote. Kuendelea njo kazi.

Ili tusiongee maneno ya hewani, tutachukua kampuni mbili ambazo wazazi wetu wanajua majina yao vizuri, juu yaliandikwa nyuma ya karatasi za foto walizotunza nyumbani: Kodak ya Marekani na Fuji ya Japani. Zote mbili zilikuwa zinauza kitu kimoja, pelikile. Wadogo wetu wa klasi ya kwanza labda hawajaigusa hata siku moja. Ni ukanda uliotiwa ndani ya kamera, wa picha 24 ao 36. Mtu alipiga polepole, kwa kuhesabu, juu ya bei. Kiisha alipeleka ukanda kwa mpiga foto, naye akaingia nao katika chumba cha giza na dawa zake, na mwenyewe akangoja siku kadhaa mbele ya kujua kama alifumba macho.

Tuanze na Kodak. Mwenye kuianzisha ni George Eastman, aliyezaliwa mwaka wa 1854. Baba yake alikufa yeye angali mtoto, na alipokuwa na miaka 14 aliacha masomo ili amsaidie mama yake. Akawa karani wa benki katika mji wa Rochester. Wakati ule foto zilipigwa juu ya vioo. Mwaka wa 1880 Eastman akaanza kutengeneza vioo vikavu, vilivyokwisha kupakwa dawa, na mwaka wa 1881 akafanya kampuni pamoja na mwenzake Henry Strong. Vioo vilileta faida. Mtu mwingine angekaa hapo, akanenepa. Eastman alitafuta kitu kitakachoondoa vioo vyake mwenyewe: ukanda mwepesi wa kuzungushwa. Mwaka wa 1888 akauza kamera ya Kodak kwa dola 25, na ukanda wa picha 100 ndani yake. Picha zikiisha, mwenye kamera aliirudisha yote kwenye kiwanda pamoja na dola 10, nao wakazitoa picha na kuweka ukanda mwingine. Mwaka wa 1900 akatoa kamera ndogo, Brownie, kwa dola 1 tu.

Tazameni akili yake. Dola 1 ni bei ya kumpa mtu kamera tu, faida haikuwa pale. Faida ilikuwa katika pelikile, juu mtu aliinunua tena na tena, na karatasi, na dawa. Ni sawa na mtu anayekuuzia taa kwa bei ya chini, akijua utarudi kwake kila juma kununua petroli.

Eastman alikufa mwaka wa 1932, lakini petroli ile iliendelea kutoka. Katika miaka ya 1970, pelikile 9 hivi juu ya 10 zilizouzwa katika Marekani zilikuwa za Kodak. Na ndani ya miaka hiyo hiyo, mwaka wa 1975, ingeniere kijana wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza katika laboratware ya kampuni kamera isiyo na pelikile hata kidogo. Ilikuwa sanduku la kilo 3 na nusu hivi. Ilihitaji sekunde 23 kuandika foto moja juu ya kaseti, tena foto yenyewe ilikuwa ya nukta 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, ya kutazamwa katika televizio. Sasson mwenyewe amesimulia kwamba wakubwa walimwuliza ni nani atakayependa kutazama foto zake katika televizio.

Hapa watu wengi wanacheka na kusema wakubwa wa Kodak walikuwa wajinga. Sisi hatukubali upesi. Sanduku lile la 1975 halikuweza kuuzwa sokoni, kila mtu aliona vile. Na Kodak haikulala usingizi kabisa: iliandikisha uvumbuzi huo, ilitumia feza nyingi katika kazi ya foto za numeriki, na mwaka wa 2005 njo ilikuwa ya kwanza katika kuuza kamera za numeriki kule Marekani. Basi ilijua. Ilikuwa na watu, ilikuwa na feza, ilikuwa na kitu chenyewe mkononi. Juu ya nini ilianguka?

Wanafunzi wa seksio komersiale wataona jibu katika hesabu. Foto ya numeriki haina pelikile. Haina dawa. Watu wengi hawaitii hata katika karatasi. Kila kamera mpya iliyouzwa ilimwondoa mteja mmoja wa pelikile, na faida yake haikufika ile ya zamani. Taa mpya haikunywa petroli! Sasa fikirini mkutano wa wakubwa: mmoja analeta feza zinazolipa mishahara ya wote, mwingine analeta sanduku linalokula feza na kuharibu soko la mwenzake. Nani atasikilizwa? Hata sisi tungeweza kumsikiliza yule wa kwanza. Njo hatari yenyewe. Biashara iliyokomaa haizuiwi na ukosefu wa mawazo, inazuiwa na faida yake ya leo.

Katika Mathayo 25 tunasoma juu ya mtumwa aliyechimba shimo na kuficha feza za bwana wake. Mara nyingi tunahubiriwa kwamba alikuwa mvivu, na Bwana mwenyewe anamwita vile. Lakini yeye alijitetea kwa neno la woga: aliogopa kupoteza kile alichokuwa nacho. Tunafikiri wakubwa wa biashara nyingi wangemfahamu vizuri.

Kiisha telefone zikapata kamera ndani yao, na kamera za numeriki nazo zikaanza kukosa wateja. Mwaka wa 2009 Kodak iliacha kutengeneza Kodachrome, pelikile yake ya sifa iliyotoka mwaka wa 1935. Tarehe 19 Januari 2012 ilikwenda mbele ya tribinali kuomba ulinzi juu ya madeni. Ilitoka mwaka wa 2013, na mpaka sasa iko, lakini ndogo. Mwaka wa 1982 watu zaidi ya 60,000 walifanya kazi Kodak katika mji wa Rochester peke yake; mwaka wa 2012 hawakufika hata 10,000. Nyuma ya kila hesabu ya namna hii kuna minervali ya watoto. Tusisome haraka.

Fuji ilizaliwa mwaka wa 1934. Nayo iliishi kwa pelikile, nayo iliona giza linakuja: mwaka wa 2000 dunia ilinunua pelikile kuliko wakati wowote, na kuanzia hapo mauzo yakaanguka kama jiwe. Mwaka huo huo Shigetaka Komori akawa mkubwa wake. Yeye hakuuliza tu, “Tunauza nini?” Aliwaamuru maingeniere wahesabu yote wanayojua kufanya. Hapo mambo yakawa ya ajabu. Mwenye kutengeneza pelikile anajua kupaka dawa nyingi, moja juu ya ingine, juu ya ukanda mwembamba sana bila kosa. Anajua kulinda rangi isiharibiwe na hewa na mwangaza. Anajua jelatini, inayotokana na kolajeni ya mifupa na ngozi za ng'ombe. Na ngozi ya mtu iko na kolajeni vilevile. Basi mwaka wa 2007 Fuji ikauza mafuta ya uso, jina lake Astalift! Maarifa ya ukanda mwembamba yakatumika kutengeneza plastiki inayowekwa ndani ya televizio za bapa. Maarifa ya dawa yakaifungulia mlango wa hospitali: mwaka wa 2008 ilinunua kampuni ya Toyama Chemical, na dawa moja ya kampuni hiyo, favipiravir, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola katika Guinea kuanzia mwisho wa 2014. Majaribio yale hayakuleta hakikisho wazi. Lakini sisi wa inchi ambamo ugonjwa huo ulipatia jina lake mwaka wa 1976 tunaweza kupima umbali wa safari hiyo, toka picha ya arusi mpaka kitanda cha mgonjwa.

Fuji haikutupa kila kitu. Kamera zake Instax, zinazotoa karatasi ya foto pale pale, ilianza kuziuza mwaka wa 1998, na vijana wangali wanazinunua. Lakini mwaka wa 2006 iliondoa neno “Photo” katika jina lake, na ilipunguza karibu watu 5,000 katika kazi ya foto. Mwenzetu mmoja katika grupu la masomo alisema hapo hakuna tofauti na Kodak, maskini analia pande zote mbili. Anasema kweli kwa sehemu, na hatupendi kumjibu kwa wepesi. Tofauti tunayoiona ni wakati: Fuji ilikata ikiwa ingali na feza za kujenga nyumba ingine. Anayengoja mpaka sanduku liko tupu anakata tu, hajengi.

Tusidhani mambo haya ni ya Marekani na Japani tu. Fundi wa nguo aliona nguo za kuvaliwa kutoka Ulaya zinajaa soko, bei ya chini kuliko kitambaa chake. Akiuliza, “Ninauza nini?”, atajibu mashati mapya, na atafunga mlango. Akiuliza anajua nini, atajibu anajua kupima mwili wa mtu, na suruali zile zote za Ulaya zinahitaji kukatwa na kupunguzwa kiuno. Mpiga foto naye: chumba cha giza kimekufa, lakini jicho lake kwa mwangaza halikufa. Na shauri letu kwa atakayefungua butike ni moja: mwaka ule unaouza vizuri, toa fungu kidogo la faida, mpe hata kijana anayekufagilia, ajaribu kitu usichokipenda. Asiyempa mwaka huo hatampa mwaka wa njaa.

Jumamosi, saa ya majadiliano, klasi ya tano itatetea wakubwa wa Kodak wa 1975, na klasi ya nne itamtetea Sasson. Sisi wa klasi ya sita tutakuwa waamuzi. Kila upande ulete hesabu zilizoandikwa, si kelele, na kila klasi ichague biashara moja ya mtaa wetu na kuandika mambo matatu ambayo mwenyewe anajua kufanya lakini hajawahi kuyauza.