Watoto wa Mjini Wapate Nao Mahali pa Majani



Mwalimu wa shule ya Jumapili afundishaye katika mji mkubwa habari za mpanzi (Mathayo 13), yampasa kwanza kueleza udongo haba juu ya mwamba ni kitu gani, na jinsi miiba inavyoisonga mbegu. Mtoto wa shamba ayajua hayo kwa miguu yake. Lakini aliyezaliwa katika chumba kimoja cha kupanga, ambaye uwanja wake ni uchochoro wenye maji machafu, atayajuaje? Tusiseme kwamba ni mjinga. Amenyimwa kitu, basi na tuangalie jinsi anavyonyimwa, na jinsi awezavyo kurudishiwa.

Jambo hili si geni. Mji wa Leipzig katika Ujerumani wajulikana sana na Walutheri wa kwetu, maana wamisionari wa kutoka huko walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Yapata miaka thelathini kabla ya hapo mji ule ulikuwa ukijaa viwanda, na nyumba zikabanana. Palikuwa na daktari, jina lake Moritz Schreber, aliyefundisha kwamba mtoto hukua vema akicheza nje. (Kwa mambo mengine ya malezi alikuwa mkali kupita kiasi, wala simsifu kwa hayo.) Alikufa mwaka 1861. Kisha mkuu wa shule mmoja, Ernst Innozenz Hauschild, akawakusanya wazazi wakafanya chama, na mwaka 1865 wakafungua uwanja wa majani kwa michezo ya watoto, wakauita kwa jina la yule daktari. Baadaye mwalimu Karl Gesell akatengeneza matuta kando ya uwanja, watoto wapate kulima wenyewe.

Hapo ndipo penye fundisho. Watoto walipanda kwa furaha, lakini magugu yalipoota wengi walichoka. Wazazi wakaja kusaidia. Mwisho matuta yakawa ya wazazi, yakatiwa ua, kila jamaa ikawa na bustani yake. Desturi hiyo ikaenea, hata leo bustani za namna hii katika Ujerumani ni karibu milioni moja, nazo zililisha watu wengi katika shida za vita. Sizilaumu. Lakini angalieni: kitu kilichoanzwa kwa ajili ya mtoto asiye na mahali kimekuwa cha mtu mzima mwenye ufunguo, na katika miji mikubwa ya huko atakaye bustani hungoja miaka.

Sasa tutazame karibu nasi. Msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi, una hekta elfu moja hivi, nao ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zikagawiwa watu kwa siri ili wajenge. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche mle. Mwezi wa Januari mwaka 1999 walipigwa, naye akajeruhiwa kichwani, lakini msitu ukasalia. Halafu ukazungushiwa ua, na watu waliokuwa wakiogopa wezi wakaanza kuingia kwa amani. Ua ule ulikuwa wa lazima. Lakini langoni hutozwa fedha, na juu yake kuna nauli ya matatu. Mwenye motokari halioni hilo kuwa kitu. Mama wa Mathare mwenye watoto wanne huhesabu, kisha hubaki nyumbani. Hakuna amkatazaye, walakini haingii.

Wala tusidhani kwamba ni anasa. Katika mji wa Guangzhou, nchi ya Uchina, waganga walichagua shule 12. Katika shule 6 watoto wa darasa la kwanza wakaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Habari zake zilitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, waliopatwa na ugonjwa wa kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, na katika zile shule nyingine karibu 40. Mwanga wa nje tu, bila dawa.

Basi wazee wa sharika za mjini wafanye nini? Kwanza waangalie kiwanja chao wenyewe. Mara nyingi kimemwagwa saruji chote, nacho hukaa kitupu tangu Jumatatu hata Jumamosi, kikingoja motokari za Jumapili. Pembe moja yatosha. Matuta yawe madogo, nayo yapandwe mchicha kwanza, maana huota kwa siku chache na kuvunwa kabla ya majuma matano. Watoto wa Leipzig walichoka kwa kungoja. Mzee mmoja asaidie kupalilia, lakini mavuno yaende na mtoto. Tena wasichana wasisahauliwe: wao hushikwa na kuteka maji na kulea wadogo zao, kwa hiyo waitwe saa ambayo kazi hizo zimekwisha, nao waje na wadogo zao mgongoni. Mtoto asiyeweza kutembea afanyiwe tuta lililoinuliwa juu ya matofali. Na kama usharika waweza kukodi basi mara moja kwa mwaka kwenda msituni, malipo ya langoni yatolewe katika sanduku la usharika kwa watoto wote pamoja, asiulizwe mtoto hata mmoja mbele ya wenzake kama ana fedha.

Ufunguo wa pembe ile ukae kwa mwalimu wa watoto, na saa za kufungua ziandikwe langoni.